William Sheppard: mchungaji aliyetetea wafumaji wa Kasai, kampuni ya mpira ikamburuza mahakamani

BUTEMBO – Bikwembe vingi vinavyouzwa Butembo na Beni vimepita mpaka wa Kasindi, vimetoka viwandani Asia, na wafanyabiashara wetu wanavifuata hadi Guangzhou na Dubai. Tazama vizuri michoro yake. Kuna ile ya pembe zinazoingiliana, mistari inayovunjika katikati kisha kuanza upya upande mwingine, kama aliyechora alibadili nia akiwa njiani. Michoro ya aina hiyo haikuzaliwa kiwandani. Ni ya Bakuba wa Kasai, na waliyoitoa kichwani mwao ni wanawake.

Mtu wa kwanza kutoka nje kueleza kirefu ufundi wa vitambaa hivyo, akiwa ameuona mahali unapofanyika, alikuwa Mmarekani mweusi, mchungaji William Henry Sheppard. Wengi wanamjua kama mmoja wa walioanika ukatili wa utawala wa Léopold wa pili. Kinachosahaulika ni kwamba kilichompeleka mahakamani mwaka 1909 ni maandishi kuhusu kazi: jinsi watu waliokuwa wakifuma, wakilima na kuuza kwa hiari yao walivyoondolewa majumbani ili watafute utomvu wa mpira msituni, kwa malipo yasiyotosha kitu.

Sheppard alizaliwa tarehe 8 Machi 1865 huko Waynesboro, jimbo la Virginia, wiki chache kabla ya vita vya Marekani kumalizika na utumwa kufutwa. Baba yake alikuwa kinyozi. Alisoma Hampton, shule iliyoanzishwa kwa ajili ya watu weusi waliotoka utumwani, kisha akasomea uchungaji Tuscaloosa huko Alabama. Alipowekewa mikono mwaka 1888 alikuwa tayari ana ombi moja: kutumwa Afrika.

Kanisa la Kipresbiteri la kusini mwa Marekani halikumkatalia waziwazi. Lilimzungusha. Halikutaka kumtuma mtu mweusi bila mzungu wa kumsimamia, na ilibidi angoje hadi alipojitokeza kijana mzungu, Samuel Lapsley, aliyekubali kusafiri naye. Waliondoka New York mwezi Februari 1890. Njiani Lapsley alipokelewa na mfalme Léopold mwenyewe mjini Brussels.

Mwezi Aprili 1891 wote wawili walifika Luebo, kwenye mto Lulua, wakaanzisha misioni. Mwaka mmoja haukupita kabla homa haijamuua Lapsley, tarehe 26 Machi 1892 huko Matadi. Yule aliyekataliwa kwenda peke yake akabaki peke yake, mkuu wa misioni nzima, akiwa na miaka 27.

Luebo ilikuwa mahali pa soko. Bakuba walifika hapo na pembe za tembo na vitambaa vyao, wakabadilisha na kurudi kwao kimyakimya. Mji wa mfalme wao, huko Mushenge, haukuruhusiwa kwa wageni. Mfalme Kot aMbweeky (sisi huku tungemwita mwami) alikuwa ametangaza kwamba atakayemwonyesha mgeni njia atakatwa kichwa. Wazungu wenye biashara walikuwa wamejaribu kwa zawadi, wakashindwa.

Sheppard hakuuliza njia. Alianza kwa kujifunza Kikuba kwa wale waliokuja sokoni. Kisha kunako mwaka 1892 akaondoka na watu wachache, na kila kijiji alichofika alinunua mayai. Yalipokwisha, alimwomba chifu amruhusu mtu wake aende kutafuta mengine kwenye soko la mbele. Mtu huyo aliporudi, alikuwa ameshaijua njia. Kijiji baada ya kijiji, yai baada ya yai, akazidi kusogea.

Hatimaye mfalme akapata habari. Mwanawe alitumwa na askari kuwakamata wanakijiji waliompokea mgeni, pamoja na mgeni mwenyewe. Sheppard alijitokeza akaeleza kwa Kikuba kwamba hakuna aliyemwonyesha njia, kosa ni lake peke yake, na wenyeji waachwe. Habari hiyo ikawashangaza wakuu wa Mushenge: mtu mweusi aliyevaa mavazi ya kizungu, anayejua njia zao na kusema lugha yao. Wazee wakaamua kwamba ni mmoja wa wafalme wao waliokufa, amerudi. Aliwaambia sivyo, hawakumwamini. Akapokelewa kwa heshima, akakaa karibu miezi minne.

Alichokikuta huko ndicho kiini cha habari hii.

Kitambaa cha Bakuba hutoka kwenye jani la mti wa rafia. Jani changa huchanwa kuwa nyuzi nyembamba, na kazi ya kufuma ni ya wanaume. Kwa kuwa uzi hauwezi kuwa mrefu kupita jani lenyewe, kila kipande hutoka kidogo, kwa kawaida hakifiki metre moja. Kipande hicho ni kigumu, kinakwaruza ngozi, na lazima kitwangwe na kusuguliwa hadi kilainike. Kisha kinapita mikononi mwa wanawake, na hapo ndipo thamani inapoanza.

Mwanamke hupaka rangi, mara nyingi ile nyekundu ya unga wa mti uitwao tukula. Halafu hushona. Hapitishi sindano tu. Hupitisha uzi chini ya nyuzi zilizofumwa, akauacha utokeze pande zote mbili, kisha akaukata kwa kisu kidogo karibu kabisa na kitambaa. Hakuna fundo. Uzi unashikwa na ufumaji wenyewe. Mamia na mamia ya nyuzi kama hizo zikisimama pamoja, kitambaa kinakuwa laini kama manyoya, ndiyo maana Wafaransa na Wabelgiji walikiita velours du Kasai. Hachori mchoro kwanza. Anaanza pembeni na kuendelea, na mchoro uko kichwani. Kazi hiyo hufanywa katikati ya shamba, jiko na watoto, na kipande kimoja kizuri kinaweza kuchukua miezi.

Na havikuwa vya urembo tu. Vipande vya rafia vilitumika kama feza. Vililipa mahari, vililipa faini, vilipelekwa kwa mfalme kama kodi. Mtu wa heshima alipokufa, familia ilimvika vitambaa vilivyokusanywa kwa miaka mingi, akazikwa navyo. Wazee wa Bakuba husimulia kwamba ufundi huu uliletwa na mfalme Shyaam aMbul aNgoong, zamani za karne ya 17. Kwa hiyo anayesema Congo ilianza biashara ya nguo wakati viwanda vya kigeni vilipofika, ajue kwamba katikati ya nchi hii palikuwa na watu waliokuwa na kitambaa, soko la kitambaa, na bei ya kitambaa.

Sheppard alikusanya. Alinunua kwa simbi, alipewa zawadi: vitambaa, vikombe vya mbao vilivyochongwa, visu, vikapu. Mwaka 1893 alipita London, ambako chama cha kifalme cha jiografia kilimpokea kama mwanachama, heshima iliyokuwa adimu kwa mtu mweusi wa wakati ule. Marekani alizunguka akitoa mihadhara, na magazeti yakamwita Livingstone mweusi. Februari 1894 alimwoa Lucy Gantt, mwalimu na mwimbaji, wakarudi Congo pamoja na wamisionari wengine weusi. Mmoja wao, Maria Fearing, alikuwa amezaliwa mtumwa. Huko Luebo alianzisha makao ya wasichana, wengi wao aliowakomboa yeye mwenyewe kutoka mikononi mwa wauza watumwa.

Maisha ya Lucy hayakuwa mepesi. Watoto wake wa kike wawili walikufa Congo wakiwa wachanga. Mwana wao wa kiume walimpa jina la Maxamalinge, jina la mtoto wa mfalme wa Bakuba.

Wakati huohuo mambo yalikuwa yanageuka. Ulaya na Marekani zilikuwa zinahitaji matairi ya baisikeli, baadaye ya magari, na misitu ya Congo ilikuwa imejaa mimea ya mpira. Dola ya Léopold iliwataka raia waulete. Huko Kasai ilitumia Bazapozapo, kundi la wapiganaji waliokuwa na bunduki na waliokuwa washirika wake, kukusanya kodi.

Mwezi Septemba 1899, mkuu wake wa misioni William Morrison alimtuma Sheppard akaangalie kinachotokea. Alipita vijiji vilivyochomwa na miili iliyolala njiani. Alipofika kambi ya wapiganaji, kiongozi wao alimpokea kama rafiki, akidhani amekuja upande wao, akamtembeza. Juu ya moto palikuwa na jukwaa la fito, na juu yake mikono ya watu ikikaushwa ili iwe ushahidi kwa wakubwa kwamba risasi hazikupotea bure. Sheppard aliihesabu mmoja mmoja: mikono 81 ya kuume. Aliona pia wanawake waliotekwa.

Alirudi akaandika aliyoyaona, na mwaka 1900 habari ikafika magazeti ya Marekani na Ulaya. Wengi wanaomkumbuka wanaishia hapo, kwenye hesabu ile ya mikono. Kwangu mimi sehemu inayofuata ina somo kubwa zaidi kwa mji wa biashara kama wetu, kwa sababu haina damu nyingi na ndiyo maana ilikuwa rahisi kuificha.

Mwaka 1901 iliundwa Compagnie du Kasai. Kampuni zilizokuwa zikishindana zikaunganishwa kuwa moja, dola ikashika nusu ya hisa, na raia wa Kasai hakuwa tena na mnunuzi wa pili. Anayelima kakao Beni anaelewa bila kuelezwa maana yake: mnunuzi akiwa mmoja, na ana walinzi wenye bunduki, yeye ndiye anayepanga bei, uzito na siku. Mwaka 1904 Bakuba waliasi. Hata misioni ya Ibanj, aliyokuwa ameianzisha Sheppard karibu nao, ilichomwa moto. Uasi ukavunjwa.

Sheppard alikuwa likizoni Marekani. Aliporudi mwaka 1906 aliikuta nchi nyingine. Januari 1908 aliandika makala katika gazeti dogo la misioni, Kasai Herald, lililosimamiwa na Morrison. Makala yenyewe si ndefu. Anaeleza kwanza Bakuba aliowajua miaka michache nyuma: nyumba imara, mashamba ya mahindi na karanga, wafumaji, watarizi, wachongaji, wahunzi, watoto wenye furaha. Kisha anaeleza alichokiona sasa. Mashamba yamejaa majani, nyumba zimeanguka, hakuna anayefuma, kwa kuwa walinzi wenye silaha wa kampuni wamewasukuma wanaume na wanawake kukaa msituni mchana na usiku wakitafuta mpira, na bei wanayolipwa haiwezi kumlisha mtu.

Hakuna mkono uliokatwa katika makala hiyo. Kuna muda tu uliochukuliwa. Lakini kitambaa kinachohitaji miezi ya mikono ya mwanamke, kikikosa miezi hiyo, hakipo. Na kitambaa kikikosekana, mahari haipo, mazishi ya heshima hayapo, feza yao wenyewe haipo. Kampuni haikuhitaji kupiga marufuku ufumaji. Ilitosha kumwondoa mfumaji nyumbani.

Mwaka huohuo naibu konseli wa Uingereza, Wilfred Thesiger, alitembea Kasai, Sheppard akimwongoza na kumtafsiria. Ripoti yake ilithibitisha mengi. Hisa za kampuni zikashuka thamani. Ndipo Compagnie du Kasai ikawashitaki Sheppard na Morrison kwa kuichafulia jina, ikidai franka 80.000.

Kumbuka kwamba tangu Novemba 1908 Congo haikuwa tena mali binafsi ya Léopold. Ilikuwa koloni ya Ubelgiji. Kesi ingesikilizwa Léopoldville, safari ya mamia ya kilometre kwa mto kutoka Luebo, mbele ya hakimu wa kikoloni, juu ya kampuni ambayo nusu ya hisa zake zilikuwa za serkali. Mwanasheria wa kuwatetea alitokea pale ambapo wengi hawakutarajia: Émile Vandervelde, kiongozi wa wasoshalisti wa Ubelgiji, mtu asiye wa kanisa, alisafiri hadi Congo na hakudai malipo.

Mashitaka dhidi ya Morrison yaliondolewa. Akabaki tena peke yake. Upande wa kampuni ulieleza kwamba wao ni wafanyabiashara tu na hawatozi kodi. Vandervelde alijenga utetezi juu ya watu wa Kasai na yale ambayo mteja wake alikuwa ameyaona kwa macho. Tarehe 4 Oktoba 1909 hakimu alimwachilia Sheppard. Sababu aliyoitoa ilikuwa nyembamba: makala haikuitaja Compagnie du Kasai kwa jina, na mwandishi alisema hakuikusudia kuichafua. Kwa njia hiyo mchungaji alishinda na kampuni nayo haikuhukumiwa. Kampuni iliamriwa kulipa gharama za kesi.

Sheppard alirudi Marekani mwaka 1910. Kanisa lilisema ni kwa sababu ya afya. Ukweli uliofichwa kwa miaka ni kwamba alikuwa ameungama kuvunja ndoa yake na wanawake wa huko Congo, na akasimamishwa uchungaji kwa muda. Tunaandika hili kwa sababu maisha ya mtu hayaandikwi nusu, na kwa sababu wanawake hao nao walikuwa chini ya mtu mwenye mamlaka. Kuanzia mwaka 1912 alihudumia kanisa la Grace huko Louisville, Kentucky, katika mtaa wa watu weusi maskini. Aliyepokelewa na wafalme na wasomi aliishi miaka yake ya mwisho chini ya sheria za ubaguzi za kusini mwa Marekani. Alipooza mwaka 1926, akafa tarehe 25 Novemba 1927. Lucy aliishi hadi mwaka 1955.

Mkusanyo wake wa vitu vya Bakuba ulinunuliwa mwaka 1911 na shule yake ya zamani, Hampton. Uko huko hadi leo, na wataalamu wanauhesabu kati ya mikusanyo ya mwanzo na muhimu kabisa ya sanaa ya Congo nje ya nchi, maana vitu vilichukuliwa kabla mpira haujaharibu kazi ya mikono. Wasanii wa Ulaya nao baadaye walivipenda vitambaa hivi. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse alivitundika ukutani kwake. Bei ilipanda Paris, Brussels na New York.

Hapa ndipo mtu anaweza kumuuliza Sheppard swali gumu. Alijua jina la mfalme, la mtoto wa mfalme, la mkuu wa wapiganaji wa kambi ile. Wanawake walioshona vitambaa alivyobeba walikuwa majirani zake kwa miaka. Lakini kama ilivyo karibu kwa kila mkusanyo wa wakati ule, vitambaa vya Bakuba vilivyo katika makumbusho ya dunia vina jina la kabila na la aliyevileta, mara chache sana jina la aliyevitengeneza. Alitetea muda wao mbele ya hakimu, na hilo si dogo. Kuandika majina yao lilikuwa jambo lingine, na ukosefu huo unaonekana hadi leo sokoni: anayechapisha michoro yao kiwandani hana wa kumwomba ruhusa wala wa kumlipa.

Jambo hili si la Kasai tu. Kaskazini ya Beni, kuelekea Mambasa, Bambuti wana kitambaa chao kinachotokana na gome la mti. Wanaume huligonga gome hadi liwe laini na pana, wanawake wakachora juu yake kwa maji ya matunda na makaa, mistari myepesi inayofanana na njia za msituni. Vipande vya aina hiyo vinatundikwa leo katika makumbusho na nyumba za sanaa za Ulaya na Marekani. Huku kwetu, mauaji yanayoendelea wilayani Beni na Ituri tangu mwaka 2014 yamewatoa Bambuti wengi msituni na kuwaweka pembeni ya barabara na katika kambi za wakimbizi. Aliye kambini hana mti wa kutoa gome. Mnunuzi akimkuta na kipande cha mwisho, atamlipa bei ya mwenye njaa.

Huko Mushenge na vijiji vya wilaya ya Mweka, wanawake wa Bakuba bado wanashona. Kwa kawaida kitambaa hutoka mikononi mwao kupitia mchuuzi wa kwanza, huenda Kananga au Kinshasa kwa mchuuzi wa pili, kisha hupanda ndege. Vikundi vichache vya wanawake na wanunuzi wachache wa nje wamejaribu kufupisha njia hiyo.